Karatasi Chini ya Mguu wa Meza

...na kama mtandao umekataa si umekataa, kwa nini huyu kijana wa Nairobi asifunge hicho kidude chake akaenda zake, mbona lazima wakae hapa wawili wakikodolea macho kile kiduara kinachozunguka, kinazunguka, hakifiki popote, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na Wambura amekaa mkao wa mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu, mikono magotini, katika masjala yake mwenyewe, chumba alichokifungua kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili, leo yeye ndiye yuko kwenye benchi la wageni na mgeni ndiye amekalia kiti chake, na mto wa kiti hicho ameushona Wambura kwa mikono yake kwa sababu serikali hununua viti vya kuumiza watu... "Inarudi tu, Madam," akasema yule kijana bila kuinua macho, "ikirudi ni swali moja tu, unabonyeza, tunamaliza," swali moja tu, kweli ni moja, alikwisha kulisoma kabla mtandao haujafa, lina visanduku viwili chini yake, Ndiyo na Hapana, Je, faili hizi sitini na tatu zilifikishwa mbele ya hakimu?, basi, hakuna nafasi ya kuandika lakini, hakuna mahali pa kusema ngoja kwanza nikueleze, ukibonyeza Ndiyo maana yake hakimu aliletewa faili akazikalia, na Mheshimiwa Ruguru ataitwa Nairobi akajieleze mbele ya Baraza na huenda asirudi tena kwenye kiti, ukibonyeza Hapana maana yake karani alizificha, na karani wa masjala ya mahakama ya Gakindu ni mmoja tu, ni Wambura Njoka, mzaliwa wa Runyenjes, amebakiza miaka minne astaafu, na asubuhi huyu kijana, Adrian Kiogora, alipokuwa akiunganisha nyaya zake alimwambia kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa, "Madam, huko kwingine makarani wanaweka Ndiyo. Ukiweka Ndiyo, wewe hauna shida tena," eti hauna shida, mtoto mdogo anamfundisha namna ya kumuuza mtu, na bado anaipiga piga ile meza kwa vidole, meza yake ya miaka yote, yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa karatasi iliyokunjwa mara nne ili isiyumbe, na macho ya Wambura yakashuka mpaka kwenye ile karatasi, yakapanda upesi.

Baraza! Baraza la Usimamizi wa Mahakama, jina refu kuliko barabara ya kuja huku, watu wasiojua Gakindu iko upande gani wa Ishiara, wasiojua kwamba hapa jua likipanda bati linalia paa paa mpaka shahidi anyamaze kwanza, hao ndio wanaopima mahakama za watu kwa jedwali, kila mwezi linakuja jedwali, vituo vyote vya kanda vimepangwa kama watoto wa darasa la tatu, wa kwanza mpaka wa mkia, na mwezi uliopita mkia ulikuwa Gakindu, tumepakwa rangi nyekundu tukang'aa, kesi sitini na tatu za zaidi ya miaka mitano, hazina amri, hazina tarehe, na mbele yake jina la Ruguru, ambaye ana mwaka mmoja na nusu hapa, kesi nyingine zilifunguliwa yeye akiwa bado anavaa sketi ya shule, lakini nani atauliza, mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye jedwali hamjui mwenye faili... kesi za zaidi ya miaka mitano, kesi zipi, hizo si kesi, hizo zilikwisha, kila mtu wa huku anajua zilikwisha, hata mbuzi wanajua! Kwa sababu Gakindu faili huwa na mkao, Njuki ndiye aliyemfundisha, mzee Njuki aliyekuwa karani kabla yake, siku ya kwanza kabisa alimwonyesha rafu akamwambia, mama, zinazosimama zinaumwa, zilizolala zimepona, usiamshe iliyolala, basi, hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yake yote ya kazi, na yalimtosha. Watu wanakuja kortini wakipigania shamba la baba yao, hakimu anawatazama, anaona hawa ni wa tumbo moja, anawaambia nendeni mkaongee na wazee nyumbani mrudi mniambie, wanaenda, wanakaa, wanagombana, wanalia, wanachinja mbuzi na kumla pamoja, na akishaliwa mbuzi yule lile neno limezikwa, halitajwi tena, anayelitaja ndiye anayelifukua na laana ni yake, sasa watarudije kortini kumwambia hakimu tumepatana juu ya jambo fulani, kusema tumepatana si ndiko kulitaja? Hawarudi. Wanachofanya ni kuja hapo dirishani kwa Wambura, wote wawili kwa pamoja, hawasemi kitu, wanasalimia, wanaomba maji ya kunywa, naye anawapa kikombe kimoja, kile cha bati cha kijani kilichobanduka rangi mdomoni, anakunywa mmoja nusu, anampa mwenzake, anamaliza, wanarudisha kikombe, wanaenda. Naye Wambura anachukua faili yao, anaifunga kamba ya mkonge mara mbili, anailaza rafu ya chini. Sitini na tatu. Sitini na tatu mara watu wawili, kila mmoja anamkumbuka jinsi alivyomeza yale maji, kuna aliyekunywa huku machozi yanaingia kikombeni, hayo yameandikwa wapi kwenye jedwali lenu, rangi yake ni ipi?

"Aah, ilikuwa imeshika kidogo, imepotea tena," akasema Adrian, na ng'ambo ya ukuta wa mbao Mheshimiwa Ruguru anasikiliza kesi ya wizi wa mbuzi, sauti yake inapita kwenye nyufa, haina haraka, "Shahidi, ulijuaje kwamba huyo mbuzi ni wako?" na shahidi, "Mheshimiwa, mbuzi yangu naijua kama mtoto yangu, ako na sikio moja imekatwa hivi, hata ukiniamsha usingizi naijua," watu wakacheka, Mheshimiwa akasubiri wamalize kucheka, hawapigii kelele huyu, husubiri... na hajui kwamba huku, hatua nane kutoka kiti chake, wanamtafutia kaburi kwa kidole kimoja. Na zile faili zililala salama mpaka walipokuja vijana sita na mashine zao za kupiga picha karatasi, mwaka jana, mwezi wa nane, agizo la Nairobi, kila faili iingie kwenye kompyuta, wakakata kamba zake zote kwa mkasi wakazitupa kwenye ndoo ya taka, wakasimamisha faili zote, zilizopona na zinazoumwa zikasimama pamoja, mstari mmoja, zikapendeza kweli, na kompyuta ikazisoma ikasema hizi hazina amri, basi ziko hai, na kilicho hai lazima kipewe tarehe. Na wiki tatu zilizopita, bila kumuuliza mtu, bila hata kumpigia Mheshimiwa simu, kompyuta ya Nairobi ikaandikia ujumbe watu wote wa zile faili, kila mmoja kwenye simu yake, kesi yako dhidi ya fulani itatajwa tarehe fulani, fika bila kukosa... itatajwa! Wamechagua neno lile lile hasa, la kutaja, wakalituma kwa watu mia na ishirini na sita walioapa halitatajwa.

Gachoki alikuwa soko la Ishiara siku hiyo, anauza ndengu, simu ikalia mfukoni, akasoma, kesi yako dhidi ya Mbogo Rwamba, Mbogo ndugu yake, wamenyonya ziwa moja, walipatana miaka saba iliyopita, Wambura aliwapa kikombe yeye mwenyewe, Gachoki alikunywa kwanza kwa sababu ndiye mkubwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyesikia wamerushiana hata neno, mifugo yao ilikuwa inalala zizi moja, sasa mtu atafikiri nini akisoma ujumbe ule, atafikiri ni kompyuta? Atafikiri ni ndugu yake, ndugu yake amemzunguka, amekula naye mbuzi halafu akarudi kortini kwa mlango wa nyuma, hakumaliza hata kuuza, aliacha gunia sokoni, akafika nyumbani saa nane mchana jua la utosi akachukua panga akaingia kwenye muguka wa Mbogo, yale majani ya kutafuna kama miraa, na muguka ndio karo, ndio unga, ndio kila kitu huku chini, akaufyeka mstari kwa mstari, Mbogo amesimama anatazama, simu yake mkononi, ana ujumbe ule ule, naye anawaza ni Gachoki aliyemshtaki. Hawakupigana. Heri wangepigana. Sasa hawasalimiani, zizi limegawanywa kwa miiba katikati, na mama yao, mjane wa Rwamba, ana miaka themanini na kitu, amesema hali chakula cha nyumba ya Gachoki wala cha nyumba ya Mbogo mpaka watakapokula pamoja tena, anabeba sahani yake kila jioni, anaenda kula kwa majirani kama mtoto aliyefiwa, mama mwenye wana wawili wazima! Alikuja hapa Jumatano iliyopita, ameletwa na pikipiki, ameshika simu ya mjukuu kana kwamba ameshika nyoka, akaiweka hapo dirishani, akamuuliza kwa Kimbeere, polepole, bila ukali hata kidogo, mwanangu, nani amelitaja? Na Wambura akamjibu bibi huyo, Nairobi, cucu, ni Nairobi. Yule mama akatazama mlima, kule juu, kana kwamba Nairobi iko nyuma ya mlima, akasema, huyo Nairobi tulimkosea nini?

Huyo Nairobi tulimkosea nini... tangu Jumatano analitafuna swali hilo, analala nalo, amemtukana huyo Nairobi kwenye jiko, bafuni, hata kanisani Jumapili wakati wa kutubu dhambi yeye alikuwa akihesabu za Nairobi, na leo Nairobi yuko mbele yake ana tai ya bluu na viatu vilivyoshika vumbi jekundu, anauliza kama ana chaja, na hasira ikampanda Wambura mpaka masikio yakavuma, angekuwa mwanamume angempiga, angekuwa mdogo angelia, lakini ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mzee wa kanisa, kwa hiyo amekaa, mikono magotini. Bonyeza Ndiyo, hasira ikamwambia, bonyeza, wamchukue, si ni wao kwa wao, hakimu ni mtu wa Nairobi vilevile, analetwa leo anaondolewa kesho, umeona mahakimu kumi na mmoja wakipita kwenye mlango ule, yupi aliyekukumbuka hata kwa kadi ya Krismasi, kwani Ruguru ni dada yako? Lakini sauti ikaja tena kupitia ukuta, "Mpeni mshtakiwa maji, naona koo limemkauka, kisha tuendelee," na Wambura akafumba macho, kwa sababu huyu ni Ruguru, huyu si kama wengine na hasira inajua si kama wengine, huyu alikuja na gambuti zake kwenye buti la gari, akienda kuona mpaka wa shamba anaukanyaga mwenyewe matope kwa matope, huyu wiki ya kwanza alikuja masjalani, hakumwita Wambura ofisini kwake, alikuja yeye, akasimama pale pale kwenye mlango, akatazama rafu yote kutoka juu mpaka chini, akauliza, "Mama Wambura, na hizi zilizofungwa kamba, hizi zina habari gani?"

Hizi zina habari gani. Aliuliza. Wambura hapendi kuifikia siku hiyo, huizunguka, kama mtu anavyozunguka mahali penye siafu, leo kiduara kimemfikisha... aliulizwa vizuri, kwa heshima, na hakimu aliyekuwa amesimama, na akajibu nini? "Hizo ni za zamani tu, Mheshimiwa." Hizo ni za zamani tu! Kwa sababu ya yule wa kabla yake, hakimu wa suti, ambaye Wambura alimweleza yote, kikombe, kamba, mbuzi, akamweleza mpaka mwisho kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake, naye akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na baadaye akasikia amewahadithia wenzake kwenye mkutano wa Meru, Gakindu haki hutolewa kwa kikombe cha maji, na Wambura akaapa moyoni, hawatasikia tena kutoka kwangu, hata mmoja, wataondoka kama walivyokuja. Akamlipizia Ruguru kicheko cha mtu mwingine. Hapana, si hivyo, alikuwa anazilinda zile faili, alikuwa anawalinda watu, ukimweleza hakimu mpya atataka kuandika, ataita watu, atalitaja... uongo. Angeandika mstari mmoja, imemalizwa na wazee, angetia sahihi, na mashine ingeona amri. Mstari mmoja. Na wale vijana sita na mkasi wao, yeye alikuwa wapi? Alikuwa hapa hapa, amekunja mikono, anakunywa chai, binti mmoja mpole mwenye miwani alimwuliza, hizi za kamba tuziweke vipi, naye akamwambia, si nyinyi ndio mnaojua. Nyinyi ndio mnaojua! Akafurahi, ee Mungu wangu, alifurahi, aliwaona wakikata zile kamba akafurahi, akasema moyoni wacha waharibu, wataona, wataona wenyewe, na kumbe atakayeona ni mama mwenye sahani mkononi.

"Madam, hapa kwenu wazee wanasaidia kesi, sivyo?" akauliza Adrian ghafla, ameegemea kiti, amechoka kungoja, ameamua kupiga soga, "kwetu ni Kibirichia, baba ni mkulima wa viazi, nimekua nikiona hiyo maneno, wazee wakimaliza wamemaliza, hakuna mtu anaongea tena," na Wambura akamgeukia, moto, kwa hiyo unajua, unajua na bado unaniletea visanduku viwili, "Kama unajua," akasema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia, "kama unajua, kijana, mbona mashine yenu haijui?" Adrian akakuna shingo. "Nilijaribu, Madam. Si nilijaribu. Nilitaka tuweke kisanduku cha tatu kwa hiyo system, ya kesi zilizoisha kwa wazee, ndio zisionekane kama zimelala bure. Wakubwa wangu wakasema ni sawa, lakini nilete hesabu kwanza, kila kituo kiseme kina ngapi. Tukaandika barua vituo vyote, mwaka jana, mwezi wa tatu. Mimi ndio niliandika hiyo barua. Wakajibu vituo vinne pekee." Akacheka kidogo, si kicheko cha mzaha. "Vinne, Madam. Wakaniambia, Kiogora, hiyo shida yako haiko. Wakatoa kisanduku," na akarudi kwenye kompyuta yake, akabonyeza bonyeza, kwake yeye hayo yalikuwa maneno ya kupitisha muda tu, na Wambura hakusikia tena ukuta wala bati wala pikipiki huko nje, alikuwa anatazama mguu wa meza.

Barua hiyo aliipokea siku ya Jumanne. Anakumbuka ni Jumanne kwa sababu meza ilikuwa inayumba siku hiyo, alikuwa anapiga mihuri na kila muhuri meza inacheza, na barua za Nairobi zilikuwa tatu, moja ya kuonya juu ya kuvaa viatu vya wazi kazini, moja ya jedwali, na hiyo, akaifungua, akasoma mstari wa kwanza, Vituo vyote vinaombwa kuorodhesha mashauri yaliyotatuliwa na wazee, na hapo hapo hasira, hasira hii hii ya leo, mbona aliiona ni ya leo, akasema sasa wanataka kuyahesabu na haya, sasa wanataka na kikombe changu, akaipiga muhuri wa kupokelewa kwa sababu karani mzuri hupiga muhuri, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia. Akaendelea na kazi. Hakumwonyesha Mheshimiwa. Hakuiandika kwenye rejista ya barua. Kwa mwaka mzima na zaidi amepiga mihuri juu ya barua hiyo, amenywa chai juu yake, amemlaani Nairobi akiwa ameegemeza viwiko juu yake, Nairobi asiyeuliza, Nairobi asiyesikia, Nairobi anayekata bila kupima, na Nairobi aliuliza, jamani, nyani haoni kundule, Nairobi aliuliza kwa mkono wa mtoto wa mkulima wa viazi, na Gakindu ikakaa kimya kwa sababu karani wake alichekwa siku moja na mtu mwenye suti. Sitini na tatu. Angeandika tu hiyo namba. Nyuma ya bahasha angeandika. Vituo vinne, vingekuwa vitano, pengine cha tano ndicho kingewatosha wakubwa, pengine kisingewatosha, hatajua sasa, hatajua kamwe, na Gachoki angeuza ndengu zake akarudi nyumbani.

Hasira haikuondoka. Alikuwa amedhani mtu akiona kosa lake hasira hupoa, haipoi, ilikuwa ile ile na uzito ule ule, ilimgeukia tu, na bado nusu yake ilikuwa kwa Nairobi na alijua ni haki yao, hakuna aliyewatuma kurushia watu ujumbe kama mbegu za magugu, hilo atawaambia pia, atawaambia kwa mdomo huu, lakini atawaambiaje akiwa amebonyeza Ndiyo, na atamwangaliaje Ruguru, na ile miaka minne, miaka minne ataila vipi ikiwa ni ya kuiba, akaona nyumba yake ya Runyenjes isiyokwisha, madirisha ya mabati, akajiona anachuma majani ya chai kwenye baridi, akaona uso wa mchungaji akisikia, karani mzee wa kanisa aliyeficha barua, watasema alikula rushwa, hakuna atakayeamini kwamba mtu anaweza kuharibu mambo hivi bure, bila hata shilingi, kwa kiburi tu... waseme. "Inua hiyo kompyuta," akasema. Adrian akainua macho. "Nini, Madam?" "Inua kompyuta yako uishike. Meza itayumba." Kijana akaishika kwa mikono miwili bila kuelewa, na Wambura akapiga magoti kwenye saruji, magoti yakalia, akauinua mguu wa meza kidogo kwa bega na kuivuta ile karatasi, ilikuwa imeganda, ikatoka na vumbi na kipande cha ukoko wa mchwa, akaikunjua mara moja, mara mbili, mara ya tatu, mara ya nne, mikunjo imeandika msalaba katikati ya maneno lakini yanasomeka, na juu, kona ya kulia, muhuri wa zambarau, Gakindu, imepokelewa, na sahihi yake yenye mkia mrefu ambao amekuwa akijivunia tangu ujana. Akaiweka juu ya meza mbele ya aliyeiandika.

Adrian akausoma mstari wa kwanza. "Hii ni ile..." "Ni barua yako," Wambura akasema. "Muhuri ni wangu. Mheshimiwa hajawahi kuiona, wala zile faili hajawahi kuletewa, hata moja. Aliniuliza habari zake nikamdanganya." Kijana akatazama mlango, akashusha sauti, "Madam, unajua ukiweka Hapana..." "Najua, mwanangu." Na ng'ambo ya ukuta shahidi alikuwa bado na mbuzi wake, anaeleza sikio, lilikatwa lini, kwa nini, na nani, anaanza upya tangu mama wa mbuzi huyo aliponunuliwa, na Mheshimiwa hamkatizi, na Wambura akiwa bado ameshika ukingo wa meza iliyoanza kuyumba alimwona tena akilini mjane wa Rwamba dirishani, sahani kwapani, anauliza bila ukali, nani amelitaja, na safari hii hakumtajia Nairobi. Jumamosi atapanda pikipiki aende. Atasimama katikati ya lile zizi lenye miiba, mbele ya Gachoki na Mbogo, awaambie hakuna kati yenu aliyemzunguka mwenzake, mimi ndimi niliyeliacha lile neno wazi, na kama ni laana na inifuate mimi. Kikombe atakibeba kwenye mkoba. Pengine hawatakishika. "Bado," akasema Adrian, kompyuta imo mikononi mwake kama sinia ya chai, na kiduara kilikuwa kinazunguka.